Kwaya Yenye Magitaa: Albamu ya Kwanza ya Fleet Foxes

Albamu ya kwanza ya Fleet Foxes haianzi na gitaa. Inaanza na vinywa. Watu wachache wanaimba pamoja, taratibu, vimistari vinavyofanana na wimbo wa watoto, kisha wananyamaza. Ndipo gitaa linapoingia, na wimbo wenyewe, "Sun It Rises", unaanza kupanda. Mtu aliyezoea muziki wa roki anaweza kukipuuza kipande hicho akidhani ni utangulizi tu. Mimi niliyekulia kwenye kwaya ya usharika kilinishika hapo hapo, kwa sababu kwetu mazoezi huanza hivyo: kinanda kinyamaze kwanza, tusikie kama sauti zimekaa.

Nimeishi na albamu hii kwa miaka mingi, na kila ninapomtajia mtu naulizwa swali lile lile, ni muziki gani? Jibu la haraka ni foku-roki: nyimbo za masimulizi za mashambani, za gitaa kavu, banjo na mandolini, zilizotiwa nguvu za bendi ya roki, na zilizotolewa na lebo huru badala ya kampuni kubwa. Jibu hilo ni sahihi, ila halinitoshi. Mimi naiita albamu ya kwaya, na humu nataka kueleza kwa nini. Ukiifuata kama albamu ya magitaa utaifurahia, lakini nusu ya utamu wake itakupita.

Tuanze na watu wenyewe. Robin Pecknold na Skyler Skjelset walifahamiana wakiwa wanafunzi wa sekondari, Lake Washington High School, katika mji wa Kirkland ulio ng'ambo ya ziwa ukitokea Seattle, kaskazini magharibi mwa Marekani. Kilichowaunganisha ni mapenzi ya Bob Dylan na Neil Young, wanamuziki wa rika la wazazi wao. Walianza kupiga kwa jina la Pineapples, wakakuta kuna bendi nyingine ya hapo hapo inayolitumia, wakajiita Fleet Foxes. Prodyuza Phil Ek, aliyekwisha kutengeneza albamu za The Shins na Band of Horses, aliwasikia akawapenda, akawasaidia kurekodi nyimbo chache walizozitoa wenyewe mwaka 2006. Baada ya hapo habari zao zilisambaa kupitia MySpace, mtandao wa kijamii wa miaka ile, nyimbo zikipigwa na watu ambao hawajawahi hata kushika kanda yao. Januari 2008 lebo ya Sub Pop ikawasaini. Mwanzoni mwa mwaka huo huo kikatoka kirekodi kifupi, Sun Giant, na Juni 2008 ikatoka albamu kamili, nyimbo 11, dakika kama 39, yenye jina la bendi yenyewe. Pecknold, aliyetunga nyimbo na kuziongoza, alikuwa na miaka 22.

Hapo kwenye Sub Pop inafaa kutua kidogo. Ndiyo lebo ya Seattle iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989. Kwa miaka, ukitaja Seattle kwa mpenzi wa muziki, alichosikia kichwani ni gitaa la umeme linalokwaruza na mtu anayepiga kelele hadi koo linakauka. Sasa lebo ile ile inawaleta vijana wenye ndevu wanaoimba kwa sauti nne kuhusu theluji, milima na babu. Ingekuwa rahisi kuwaona wamepotea njia. Lakini ukisikiliza kwa makini utaona kuwa waliigeuza roki kwa jambo moja: walihamisha msingi wa nyumba. Kwenye bendi nyingi za roki msingi ni ngoma na gitaa la besi, juu yake magitaa, na juu kabisa mtu mmoja anaimba. Kwenye albamu hii msingi ni sauti za watu. Vyombo vimewekwa ili kuzisindikiza. Kuna mahali ngoma zinanyamaza kabisa na hakuna kinachopwaya.

Chukua "White Winter Hymnal", wimbo wa pili, ambao ndio uliowafikisha mbali. Ni wa dakika mbili na nusu hivi, na mashairi yake ni ubeti mmoja tu unaorudiwa. Mwanzo wake ni wa kufukuzana, mtindo ambao kila aliyesoma shule ya msingi anaujua: mmoja anaanza, mwingine anaingia nyuma yake na maneno yale yale, halafu mwingine, mpaka neno moja linageuka duara na huwezi kujua nani alianza. Kisha wote wanakutana kwa pamoja, ngoma inaingia kwa mapigo mazito ya chini, na wimbo unafunguka. Anayesimulia anafuata kundi la watu waliojifunika makoti, skafu nyekundu shingoni. Mmoja wao, Michael, anaanguka, na theluji nyeupe inageuka nyekundu. Basi. Hatuambiwi Michael ni nani wala kwa nini alianguka. Wimbo unaimbwa kwa furaha ya watoto wanaocheza uwanjani, na katikati yake kuna damu.

Niliwahi kuufundisha mwanzo huo kwa vijana wachache wa kwaya yetu, bila chombo, kwa kupiga makofi mapajani. Kuingia kwa kufukuzana walikuweza mara moja. Kazi ilikuwa pale sauti zote zinapokutana. Vijana wetu wamezoea soprano ashike wimbo na wengine wamfuate chini chini, kwa hiyo kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aongoze. Huku hakuna wa kumngoja. Ilibidi kila sauti iimbe kana kwamba yenyewe ndiyo wimbo. Teno mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa hapa nani anaongoza?" Nikamwambia aimbe tu, atajua. Tulipofika mahali pakakaa, walicheka wote kwa pamoja, ile cheko ya watu waliojisikia wenyewe kwa mara ya kwanza.

Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya albamu. Pecknold ana sauti nzuri, tena nzuri sana, ya juu lakini yenye kifua, na angeweza kuwa nyota wa mbele na kuwaachia wenzake kazi ya kuitikia. Badala yake aliitunga albamu ambayo ndani yake yeye mwenyewe anapotelea kwa makusudi. Kuna vipande ambavyo hata baada ya kuvisikiliza mara nyingi siwezi kukuambia ni sauti ipi inayoshika wimbo na ipi inasindikiza.

"Ragged Wood" unaonyesha jambo hilo kwa mwendo wa kasi. Unaanza kwa ukelele wa furaha, ngoma zikikimbia, na mtu anamwita mpenzi wake ashuke kutoka mlimani kwa kuwa majira ya kuchipua yamefika na amekaa mbali muda mrefu mno. Katikati kila kitu kinakatika. Wimbo unapumua, kisha unarudi ukiwa umebadilisha mwendo na lahani, kana kwamba ni wimbo mwingine ulioshonwa kwenye ule wa kwanza. Wapo wanaoona kukatika huko ni udhaifu wa kijana asiyejua kumaliza. Mimi naona ni kinyume chake. Aliyezoea nyimbo za ibada anajua kuwa wimbo unaweza kubadilika baada ya ubeti wa tatu na wenye kuimba wakabaki wale wale. Kinachounganisha vipande viwili ni sauti zao.

Tofauti kabisa ni "Tiger Mountain Peasant Song". Hapa kwaya imeondoka. Amebaki mtu mmoja na gitaa lake, anajiuliza wasafiri waliopita asubuhi walikwenda wapi, anazungumza na aliyekufa, na mwishoni anakiri kuwa hajui amefanya nini na kwamba anajigeuza pepo. Mlima wenyewe upo, ni mashariki mwa Seattle, watu wanaupanda siku za mapumziko. Uchungu wa wimbo huu unatokana na mahali ulipowekwa: umekuja baada ya nyimbo tatu zilizojaa watu, na ghafla chumba ni kitupu. Ukiusikiliza peke yake kwenye orodha ya simu utasikia wimbo mzuri wa huzuni. Ukiusikiliza mahali pake, wa nne, unamsikia mtu aliyeachwa. Ndiyo maana nawaomba watu waisikilize albamu hii kwa mpangilio wake, tangu mwanzo hadi mwisho.

Halafu kuna "Heard Them Stirring", wa saba, usio na neno hata moja. Ni sauti tupu, "oo" na "aa", zikipanda na kushuka juu ya magitaa na ngoma. Bendi iliyojaa mashairi mazuri inaamua katikati ya kazi yake ya kwanza kunyamazisha maneno yote. Kwangu huu ndio wimbo unaoeleza albamu nzima. Mtu yeyote, wa lugha yoyote, anaweza kuuimba leo hii.

Nyimbo zenyewe zimejaa jamaa. Sijui albamu nyingine ya roki ya miaka ile yenye ndugu wengi hivi. "He Doesn't Know Why" ni ya mtu anayempokea ndugu aliyerudi bila senti, amechoka, nywele zimekuwa ndefu. Anamwangalia na hajui amsaidieje. Wimbo unamalizika kwa kinanda peke yake, na mambo yanabaki bila kupatana. "Blue Ridge Mountains" unamwita ndugu mwingine, aliyekosa ndege ya kuunganisha safari, akumbuke nyumba ya mbao aliyoijenga babu msituni. Hapo ndipo albamu inapofika kileleni: unaanza kwa unyenyekevu, karibu kunong'ona, kisha kinanda na mandolini vinashika mwendo, ngoma zinaingia kwa kishindo, na sauti zote zinamwita yule ndugu kwa pamoja. Mtu anaweza kumwita ndugu yake kwa sauti moja. Hapa anaitwa na ukoo. Mara nyingi nimeusikiliza wimbo huu nikiwa safarini, na kila mara nimetaka kumpigia simu mtu wa nyumbani.

Na ujamaa huo haukuishia kwenye mashairi. Video ya "White Winter Hymnal", ya vibonzo vya udongo, wanaume wameketi na mmoja anazungusha mkono wa mashine huku muda ukienda na kurudi, ilitengenezwa na Sean Pecknold, kaka yake Robin. Dada yao, Aja, ndiye aliyekuja kuwa meneja wa bendi. Sehemu kubwa ya kurekodi ilifanyika majumbani na katika vyumba vya chini, ikiwemo nyumba ya wazazi wa Pecknold, kwa kuwa fedha za kukaa studio muda mrefu hazikuwepo. Phil Ek ndiye aliyekusanya yote na kuyapa sura moja.

Nikiijua habari hiyo ya vyumba vya chini, huwa nashangaa kila ninaposikia mwangwi uliomo humu. Sauti zinakuja kana kwamba zimeimbwa ndani ya kanisa la mawe lenye dari refu, zile sauti zinazofika ukutani na kurudi zikiwa zimelainika. Mwangwi huo umeifanya albamu itambulike baada ya sekunde tano. Umeiumiza pia, lazima niseme. Kuna mistari ambayo nimeielewa baada ya kusoma mashairi, kwa kuwa konsonanti zimeyeyuka zote. Mwalimu wangu wa kwaya angewasimamisha hapo hapo na kuwaambia watamke maneno. "Quiet Houses" ndio unaoumia zaidi. Una maneno machache mno, yanarudiwa, na mwangwi unayafunika, kwa hiyo unapita bila kuacha alama kubwa. Kama ningeulizwa wimbo wa kuondoa, ningetaja huo bila kusita.

Jalada la albamu nalo nimelikalia muda mrefu kuliko nilivyokalia jalada lolote. Ni mchoro wa Pieter Bruegel Mkubwa wa mwaka 1559, Methali za Kiholanzi, unaotunzwa Gemäldegalerie mjini Berlin. Kwa mbali unaona kijiji chenye shughuli, watu na mifugo, mto na bahari kwa nyuma. Ukisogea karibu unagundua kuwa kila mtu mle anatenda methali. Zimo zaidi ya mia. Mwanamume mmoja anafukia kisima baada ya ndama kuzama ndani yake. Sisi tungesema majuto ni mjukuu. Mwingine ameanguka kwenye majivu katikati ya viti viwili, ndiye mshika mbili aliyeponyokwa na moja. Mwanamke amebeba moto mkono mmoja na maji mkono mwingine, ndumilakuwili wa kawaida kabisa. Kuna anayegonga ukuta kwa kichwa, kuna anayemnyoa nguruwe manyoya wakati jirani yake ananyoa kondoo, kuna mke anayemfunika mumewe joho la buluu, yaani anamdanganya na mwanamume mwingine. Ni kama mtu amezitundika kanga za mtaa mzima kwenye kamba moja, kila moja na usemi wake, zote zinasema kwa wakati mmoja.

Pecknold alieleza kwamba alipendezwa na namna picha hiyo inavyoonekana tulivu kwa mbali, na kumbe ukiikaribia imejaa vituko na ukatili. Sijui kama kuna jalada lililoieleza kazi ya ndani kwa usahihi zaidi. Kwa mbali nyimbo hizi ni za kupendeza tu, misitu na ndege na majira ya kuchipua. Karibu, kuna mtu ameanguka kwenye theluji, kuna anayejigeuza pepo, na katika wimbo wa mwisho, "Oliver James", kuna mtoto aliyetolewa kwenye maji. Jalada hilo lilichaguliwa kuwa jalada bora la santuri la mwaka 2008 katika tuzo za Art Vinyl, na nadhani lilistahili.

Kuna hoja moja dhidi ya albamu hii ambayo naichukua kwa uzito. Wapo waliosema kuwa hawa ni vijana wa kitongoji cha jiji, wamelelewa na kompyuta na maduka makubwa, wanavaa nguo za wakulima wasiowajua na kuimba milima ya Blue Ridge iliyo upande wa pili kabisa wa nchi yao. Ni kweli hawakulima. Pecknold mwenyewe alisema wazi kuwa sehemu kubwa ya muziki alioujua aliupata ujanani kwa kupakua kwenye intaneti. Kwa hiyo kijiji kilichomo kwenye nyimbo hizi ni cha kusikia, kimejengwa kwa rekodi za watu wengine.

Lakini hoja hiyo inakagua mashairi na kuisahau sauti. Kijiji unaweza kukiazima. Kuimba pamoja huwezi kuazima, ni lazima ukae ukakufanya, usiku baada ya usiku, mpaka masikio yako yazoee pumzi ya mwenzako. Sauti nne zikikaa, zimekaa. Zisipokaa, hata mgeni anasikia. Studio inaweza kumsaidia mtu mmoja ajirekodi mara kumi na kujifanya kwaya, jukwaani msaada huo haupo. Hawa walisimama jukwaani na kuimba vilevile, na Januari 2009 wakaimba kwenye Saturday Night Live, kipindi cha televisheni kinachorushwa moja kwa moja nchini kwao. Mbele ya kamera hizo hakuna vazi la mkulima litakalokuokoa ukitoka nje ya sauti.

Na nyimbo za kwaya zetu wenyewe zilifika vipi? Nyingi zilitoka Ujerumani na Uingereza na wamisionari, zikiwa na theluji na malaika wa huko, na wazee wetu waliziimba mpaka zikawa zao, kisha wakatunga nyingine kwa lahani za nyumbani. Bibi yangu aliimba habari za theluji ya Krismasi maisha yake yote, na hakuna mtu aliyemwambia amevaa vazi la wengine. Alichokileta mle ndani kilikuwa pumzi yake na sauti ya pili isiyoyumba. Kwa hiyo sina haraka ya kumhukumu kijana wa Kirkland kwa kuimba mlima wa mbali.

Mapokezi yalikuwa makubwa kuliko wao wenyewe walivyotazamia. Pitchfork, jarida la muziki la mtandaoni la Marekani, waliiweka albamu hii, pamoja na Sun Giant, nambari moja katika orodha yao ya albamu bora za 2008. Jarida la Uncut la Uingereza liliwapa tuzo yake ya kwanza kabisa ya muziki mwaka huo huo. Ulaya albamu ilitolewa na Bella Union, lebo ndogo ya Simon Raymonde aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya Cocteau Twins, na huko Uingereza ikafika nafasi ya 3 kwenye chati na kuipatia lebo hiyo cheti chake cha kwanza cha dhahabu. Mwaka huo huo Bon Iver naye alikuwa amesikika na albamu aliyoirekodi kwenye kibanda cha msituni Wisconsin, na mwaka uliofuata wakaja Mumford & Sons wa London na banjo zao za kasi. Wimbi zima likafuata, mashati ya drafti na kofia pana kila mahali, na baadhi ya bendi hizo zilijaza viwanja kuliko Fleet Foxes walivyowahi kujaza. Wengi walichukua banjo na ndevu. Wachache sana walichukua kazi ya sauti, kwa kuwa hiyo inachosha.

Kuna jambo watu hulichanganya mara kwa mara. Josh Tillman, ambaye baadaye alijulikana kama Father John Misty, wengi hudhani sauti yake imo humu. Hayumo. Alijiunga kupiga ngoma mwaka 2008 albamu ikiwa imekwisha kurekodiwa, akazunguka nao duniani, akaondoka 2012. Namtaja kwa sababu sauti yake ilizipa nyimbo hizi nguvu jukwaani, na anayetafuta rekodi za maonyesho ya kipindi hicho atamsikia.

Lakini katika yote yaliyotokea baada ya albamu hii, linalonigusa zaidi lilitokea Uswidi. Madada wawili, Klara na Johanna Söderberg, wakiwa bado vijana wadogo, waliingia msituni mwaka huo huo wa 2008 na gitaa moja, wakajirekodi video wakiimba "Tiger Mountain Peasant Song", wakaiweka YouTube. Wimbo wa mtu mpweke wakauimba wawili, mmoja juu na mmoja chini, na ile nafasi tupu niliyoisema ikajaa. Video ikasambaa, Fleet Foxes wenyewe wakaipenda, na madada hao ndio First Aid Kit, ambao leo wana albamu zao na jina lao duniani. Nimeitazama video ile mara nyingi kuliko baadhi ya video za bendi yenyewe. Hakuna studio wala mwangwi wa kutengeneza, na ndege wanasikika kwa nyuma.

Fleet Foxes waliendelea. Helplessness Blues ya 2011 ni albamu ya mtu mmoja anayejiuliza maswali ya maisha yake, maneno mengi, na wachambuzi kadhaa wanaiona bora kuliko ya kwanza. Kisha Pecknold akaenda kusoma Columbia University, New York, bendi ikanyamaza, ikarudi na Crack-Up mwaka 2017 na Shore mwaka 2020. Zote ninazo na zote nazipenda. Kwa mashairi, ya pili inashinda. Kwa kuimba pamoja, ya kwanza haijafikiwa, na sitegemei waifikie, maana mtunzi aliyekwisha kujulikana anasikilizwa yeye, na akisikilizwa yeye sauti za wenzake zinarudi nyuma hata kama hataki.

Kwa anayetaka kuanza, tafuta saa nzima, vaa spika za masikioni, acha ipigwe kutoka "Sun It Rises" hadi "Oliver James" bila kuruka. Mara ya kwanza fuata wimbo. Mara ya pili chagua sauti moja ya katikati, usiiachie, uone inakupeleka wapi. Aliyewahi kuimba alto au teno ataelewa ninachosema, kwa kuwa sisi wa katikati ndio tusiosikika mpaka siku tukikosekana.

Mimi nimekwisha kuandika "Heard Them Stirring" kwa solfa, sauti nne, kwa ajili ya kundi letu la vijana. Soprano na besi wamekubali bila shida. Alto inahitaji mtu mwenye pumzi ndefu, naye nimempata. Kwenye teno nimekwama mistari miwili kabla ya mwisho, pale sauti mbili zinapopishana na sijaamua yetu ifuate ipi. Jumamosi nitawaimbisha zote mbili, wachague wenyewe.